Katiba ya Montgomery, 1861: walichonakili na walichokigusa

Katika Katiba ya Marekani iliyotiwa saini Philadelphia mwaka 1787, neno "mtumwa" halimo. Isome kuanzia dibaji hadi saini ya mwisho, hulikuti. Utakuta "watu wengine wote", utakuta "mtu aliyefungwa na utumishi au kazi", lakini mtumwa kwa jina lake hayupo. Sasa chukua katiba ya majimbo saba ya Kusini yaliyojitenga na Marekani na kujiita Majimbo ya Shirikisho, iliyopitishwa Montgomery, Alabama, tarehe 11 Machi 1861. Nimeipitia kalamu mkononi nikihesabu: mtumwa, watumwa, utumwa, wenye watumwa, jumla mara 10. Hati hizi mbili ziko katika lugha moja, na sehemu kubwa ya ile ya pili imenakiliwa kutoka ya kwanza neno kwa neno. Pale walipoinua kalamu na kubadili kitu ndipo kisa chetu kilipo.

Nimekaa na hati hizi kwa sababu kuna hoja isiyokufa: kwamba Kusini walijitenga kutetea "haki za majimbo" na kwamba utumwa lilikuwa jambo la pembeni. Nimeisikia hata kwa Kiswahili, hasa watu wanapojadili muungano, shirikisho na serikali ngapi ziwepo. Anayeitaja huwa anataka mfano wa nchi iliyovunjika kwa sababu serikali ya kati ilinyakua madaraka. Ningeweza kuchukua Katanga ya 1960 au Somaliland ya 1991, ambazo ziko karibu nasi zaidi. Nimechagua Montgomery kwa kuwa hapa waliojitenga walikuwa na katiba mama mkononi, walikuwa wameitumikia kama wabunge, maseneta na majaji, na walipokaa kuandika ya kwao hakuna aliyewashika mkono. Waliandika walichotaka.

Mambo yalikwenda haraka. Carolina Kusini ilijitoa tarehe 20 Desemba 1860, wiki chache baada ya Abraham Lincoln, aliyepinga utumwa kuenea, kushinda uchaguzi wa urais wa Marekani. Januari 1861 zikafuata Mississippi, Florida, Alabama, Georgia na Louisiana, na Texas ikaamua tarehe 1 Februari. Wajumbe wakaanza kukutana Montgomery tarehe 4 Februari. Siku nne tu baadaye walikwisha kupitisha katiba ya muda, na kesho yake wakamchagua Jefferson Davis wa Mississippi kuwa rais wa muda, Alexander Stephens wa Georgia akiwa makamu. Kamati ya watu 12 chini ya Robert Barnwell Rhett wa Carolina Kusini ikapewa kazi ya kuandaa katiba ya kudumu. Ilipopitishwa, Lincoln alikuwa ana wiki moja tu tangu aapishwe, na risasi ya kwanza ya vita kati ya Kaskazini na Kusini, pale ngome ya Fort Sumter, ilikuwa haijalia. Ililia tarehe 12 Aprili. Kwa hiyo hii si katiba iliyoandikwa mizinga ikinguruma. Walikuwa na utulivu wa kutosha kupima kila neno.

Kuiridhia kulihitaji majimbo matano. Alabama iliridhia kesho yake, 12 Machi. Iliridhiwa na mabaraza ya wajumbe katika majimbo; wananchi hawakupigiwa kura ya maoni juu yake.

Dibaji

Ya 1787 tunaijua: "Sisi, wananchi wa Marekani, ili tuunde muungano ulio kamili zaidi, tusimamishe haki, tuhakikishe utulivu wa ndani, tuandae ulinzi wa pamoja, tukuze ustawi wa wote..." Ya 1861 inaanza hivi: "Sisi, wananchi wa Majimbo ya Shirikisho, kila jimbo likitenda kwa hadhi yake ya mamlaka na uhuru wake, ili tuunde serikali ya shirikisho ya kudumu..." Halafu inaendelea na haki, utulivu na baraka za uhuru kama ile ya kwanza, na kuongeza kuomba fadhili na uongozi wa Mwenyezi Mungu, ambaye katiba mama haikumtaja katika dibaji yake.

Vitu vitatu vimetoka: muungano ulio kamili zaidi, ulinzi wa pamoja, na ustawi wa wote. Kilichoingia ni kila jimbo na mamlaka yake. Mtetezi wa hoja ya haki za majimbo akifika hapa husimama na kusema, mnaona? Na ana haki ya kusema hivyo, kwa mistari hii. Lakini dibaji haimfungi mtu mikono. Tuingie ndani ya nyumba.

Kabla ya kuingia, tazama neno "ya kudumu". Watu ambao wamejitoa katika muungano kwa hoja kwamba jimbo lina haki ya kujitoa, wanaunda serikali ya kudumu, na katika katiba nzima hawaweki kifungu hata kimoja kinachosema jimbo lina haki ya kujitoa. Wazo lilikuwepo kati ya wajumbe, halikuingia. Zaidi ya hapo, Ibara ya Sita ya Montgomery imebakiza yale maneno ya Philadelphia kwamba katiba na sheria za serikali kuu ndizo sheria kuu za nchi, na majaji wa kila jimbo wamefungwa nazo, hata katiba au sheria za jimbo zikisema vingine. Kama ugomvi ulikuwa juu ya serikali kuu kuzipita serikali za majimbo, hiki ndicho kifungu ambacho mtu angekifuta kwanza. Hawakukifuta.

Majimbo yalipata nini hasa

Nisiwadhulumu, yapo waliyoyapata. Baraza la kutunga sheria la jimbo lilipewa nguvu ya kumshtaki ofisa au jaji wa serikali kuu anayefanya kazi ndani ya jimbo hilo peke yake, kwa theluthi mbili ya kura za mabaraza yake yote mawili. Majimbo yaliruhusiwa kutoza ushuru kwa meli za baharini ili kutengeneza mito na bandari zao, na majimbo yanayopakana na mto mmoja yangeweza kupatana yenyewe juu ya usafiri wa mto huo. Kurekebisha katiba nako kulitolewa mikononi mwa Bunge: majimbo matatu tu yakidai, lazima mkutano wa majimbo yote uitishwe, na theluthi mbili ya majimbo wakikubali, marekebisho yanapita. Marekani inahitaji robo tatu.

Hayo ni mambo ya maana, lakini ni madogo. Mito, mabandari, maofisa wa forodha. Hakuna hata moja kati yake ambalo lingewafanya watu waache nyumba yao na kwenda kujenga nyingine.

Na kuna mahali jimbo lilinyang'anywa. Wakati huo ndani ya Marekani yapo majimbo yaliyokuwa yanawaruhusu wageni ambao bado si raia kupiga kura. Hilo lilikuwa shauri la jimbo lenyewe. Montgomery ilipiga marufuku: mzaliwa wa nchi ya nje ambaye si raia wa Shirikisho hataruhusiwa kupiga kura kwa cheo chochote, cha kijimbo wala cha shirikisho. Haki ya jimbo kuamua nani ni mpiga kura wake ikafutwa kwa mstari mmoja.

Fedha, rais na mawaziri

Sehemu hii nitaipita kwa mwendo wa haraka, ingawa kwa mtu anayependa ufundi wa katiba ndiyo yenye utamu. Ushuru wa forodha wa kulinda viwanda ulikatazwa, na ruzuku kutoka hazina pia. Bunge lilizuiwa kutumia fedha kwa miradi ya ujenzi ya kukuza biashara, isipokuwa minara ya taa, maboya, bandari na kusafisha mito, na hata hapo wanaofaidika walipie. Posta ilitakiwa ijilipie kutokana na mapato yake kuanzia tarehe 1 Machi 1863, na Postamasta Mkuu wao, John Reagan wa Texas, alilitimiza hilo vita ikiendelea, kwa kupandisha bei ya stempu na kupunguza huduma. Kila sheria ihusu jambo moja tu, na jambo hilo litajwe kwenye jina la sheria. Rais akae miaka sita na asigombee tena. Katika muswada wa matumizi aweze kukubali fungu hili na kukataa lile, jambo ambalo Rais wa Marekani hana hadi leo. Yeye akitumia kura ya turufu hukataa muswada mzima. Bunge liweze kuwapa mawaziri viti vya kusema bungeni juu ya wizara zao.

Baadhi ya haya ni mawazo mazuri, nakiri bila kusita. Lakini angalia yanaelekea wapi. Rais mwenye turufu ya fungu kwa fungu ni rais mwenye nguvu zaidi. Matumizi ambayo hayakuombwa na serikali yenyewe yalihitaji theluthi mbili ya Bunge. Hiyo ni serikali kuu inayoshika mkoba wake vizuri kuliko ile waliyoikimbia.

Kuhusu ushuru wa forodha, kuna kitu cha kutuhusu. Pamba ndiyo iliyokuwa mali ya Kusini, na ndiyo maana hawakutaka ushuru wa kulinda viwanda vya Kaskazini. Sehemu ya pamba hiyo, iliyochumwa na watumwa, ilisokotwa na kufumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa na wafanyabiashara wa Salem na kuletwa Unguja. Ndiyo merikani, ile nguo nyeupe ngumu iliyopanda bara na misafara na kutumika kama fedha hadi maziwa makuu. Vita vilipozuka pamba ikakatika, na merikani ya kweli ikaadimika sokoni. Ndivyo mkutano wa Montgomery ulivyomgusa mchuuzi wa Unguja ambaye hakuwahi kulisikia jina la Alabama.

Walipoandika neno lenyewe

James Madison, mmoja wa waandishi wakuu wa 1787, alisema katika mkutano wa Philadelphia kwamba aliona ni kosa kuingiza katika katiba wazo kwamba mtu anaweza kuwa mali. Madison mwenyewe alimiliki watumwa. Alijua anachokificha. Wale wa Philadelphia walimung'unya maneno kwa sababu waliona aibu, na aibu hiyo iliacha ufa ambao wapinzani wa utumwa waliutumia kwa miaka 70 na zaidi: katiba haimtaji mtumwa, basi haimtambui mtu kuwa mali.

Montgomery waliziba ufa. Hivi ndivyo walivyofanya.

Kwanza hesabu ya viti vya Bunge. Philadelphia ilisema wahesabiwe watu huru, na kuongeza tatu ya tano ya "watu wengine wote". Montgomery: tatu ya tano ya "watumwa wote". Wajumbe wa Carolina Kusini walitaka mtumwa ahesabiwe kikamilifu, wakashindwa. Ukichukua sensa ya 1860 utaelewa kwa nini walitaka: Carolina Kusini ilikuwa na watu 703,708, na kati yao 402,406 walikuwa watumwa. Tatu ya tano ya hao ni kama 241,000. Ongeza watu huru 301,000 na ushei, unapata uzito wa 542,000. Yaani katika kila viti tisa vya jimbo hilo, vinne vimebebwa na watu wasio na kura, wasio na jina mahakamani, ambao yeyote kati yao angeweza kuuzwa kabla ya uchaguzi unaofuata. Hata kwa tatu ya tano.

Pili, Bunge. Katika Ibara ya Kwanza, kifungu cha tisa, Philadelphia ilikataza sheria za kumhukumu mtu bila mahakama na sheria zinazorudi nyuma. Montgomery walinakili marufuku hayo na, katika sentensi ile ile, wakachomeka jambo la tatu: haitapitishwa sheria yoyote inayokana au kudhoofisha "haki ya umiliki wa watumwa weusi". Nimekaa juu ya sentensi hii muda mrefu kuliko nyingine zote. Makatazo mawili ya mwanzo ni kinga ya raia dhidi ya dola, urithi wa karne nyingi za Waingereza kupambana na wafalme wao. Wakaichukua kinga hiyo na kuitandaza juu ya mnyororo.

Tatu, ardhi mpya. Ugomvi wa miaka ya 1850 ulikuwa juu ya utumwa kuruhusiwa au kutoruhusiwa katika ardhi za magharibi ambazo bado hazijawa majimbo. Montgomery ikaamua: katika ardhi yoyote itakayopatikana, utumwa wa watu weusi, kama ulivyo sasa, "utatambuliwa na kulindwa na Bunge na serikali ya ardhi hiyo". Wakazi wa hapo, hata wote wakikataa, hawana la kusema mpaka wawe jimbo.

Na nne ni haki ya kupita, ambayo inahitaji kisa chake.

Watu wanane bandarini New York

Novemba 1852 mtu na mkewe, akina Lemmon wa Virginia, walikuwa wanahamia Texas pamoja na watumwa wanane, wengine wakiwa watoto wadogo. Njia rahisi ilikuwa ya bahari: panda meli hadi New York, badili meli pale, teremka hadi Kusini. Wakiwa New York wakisubiri meli ya pili, mtu mweusi wa mji ule aitwaye Louis Napoleon alikwenda mahakamani kuomba amri ya kuwaleta watu hao wanane mbele ya jaji. Sheria ya New York haikumruhusu mtu kumleta mtumwa ndani ya jimbo hata kwa siku moja. Jaji akawaachia huru. Virginia ikalivalia njuga shauri hilo, ikakata rufaa hadi mahakama ya juu ya New York, na mwaka 1860 mahakama hiyo ikasimama pale pale: aliyekanyaga New York ni huru.

Jiulize, hapo nani anatetea haki ya jimbo? Ni New York. Jimbo linasema, ndani ya mipaka yangu, sheria ni yangu. Na Kusini walikasirika. Desemba 1860, Carolina Kusini ilipotoa tamko lake la sababu za kujitenga, ililalamika kwamba New York mahakama zimekataa hata haki ya kupita na mtumwa. Tamko hilo hilo likayataja kwa majina majimbo ya Kaskazini yaliyotunga sheria za kuzuia watumwa waliotoroka wasirudishwe. Malalamiko yao yote hapo ni kwamba majimbo yametumia mamlaka yao, na kwamba serikali kuu haikuwalazimisha kuacha. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Sasa fungua Ibara ya Nne ya Montgomery. Philadelphia ilisema raia wa kila jimbo watapata haki na kinga zote za raia katika majimbo mengine. Montgomery ikanakili maneno hayo na kuongeza: nao "watakuwa na haki ya kupita na kukaa katika jimbo lolote la Shirikisho hili, pamoja na watumwa wao na mali nyingine, na haki ya umiliki wa watumwa hao haitadhoofishwa kwa hilo". Ni shauri la Lemmon limegeuzwa kuwa ibara, matokeo yakiwa kinyume.

Tuwe waangalifu hapa, kwa sababu wapo wanaozidisha. Katiba hii haikusema wazi kwamba jimbo haliwezi kukomesha utumwa kwa wakazi wake lenyewe. Kile kifungu cha tisa kinalifunga Bunge. Wala haikukataza jimbo lisilo na watumwa kupokelewa. Ilitaka tu theluthi mbili ya mabaraza yote mawili. Lakini jimbo lililokomesha utumwa lingefanya nini na jirani anayeingia na watumwa wake kwa haki ya katiba, "kupita na kukaa", bila katiba kutaja ni kukaa kwa muda gani? Wiki? Miaka kumi? Jimbo hilo lingekuwa na sheria ya uhuru ambayo mgeni yeyote anaikanyaga. Haki waliyokuwa nayo New York, ya kusema hapa kwetu hapana, hakuna jimbo la Shirikisho lililoachiwa.

Biashara ya kuleta watu

Kuna kifungu kimoja kinachowachanganya wasomaji. Philadelphia ililizuia Bunge kukataza uingizaji wa watumwa kabla ya mwaka 1808. Montgomery ilikataza mara moja, kwa katiba, kuleta watu weusi kutoka nchi yoyote ya nje. Mtu akisoma haraka atadhani hapa moyo umelainika. Soma mpaka mwisho: "isipokuwa majimbo au ardhi zenye watumwa za Marekani". Na mstari unaofuata unalipa Bunge uwezo wa kukataza pia uingizaji kutoka jimbo lolote lisilo mwanachama.

Machi 1861 Virginia ilikuwa bado haijajiunga. Virginia ndiyo iliyokuwa ghala: kwa miongo mingi wenye watumwa wa huko walikuwa wanawauzia watu mashamba ya pamba ya Kusini ya mbali. Inakadiriwa watu wapatao milioni moja walihamishwa hivyo kutoka majimbo ya juu kwenda ya chini kabla ya vita. Kukataza watumwa wa ng'ambo kulilinda bei ya mali ya Virginia. Kulipa Bunge uwezo wa kufunga mlango kulikuwa onyo: mkibaki na Lincoln, soko hili linaweza kufungwa. Ndani ya mistari miwili kuna kishawishi na kitisho. Pia kulikuwa na Uingereza, mnunuzi mkubwa wa pamba, ambayo meli zake za kivita zilikuwa zinawinda majahazi ya watumwa, pamoja na kwenye pwani yetu. Hakuna aliyetegemea kutambuliwa na London huku anafungua tena biashara ya ng'ambo.

Aliyeilinganisha mapema

Mmoja wa watu mashuhuri waliozilinganisha mapema katiba hizi mbili hadharani alikuwa Stephens mwenyewe, makamu wa rais. Tarehe 21 Machi 1861, siku 10 baada ya kupitishwa, alisimama Savannah, Georgia, akawaelezea wasikilizaji kifungu kwa kifungu: ushuru, miradi ya ujenzi, viti vya mawaziri, miaka sita ya rais. Kisha akafika kwenye utumwa, akasema katiba mpya imezimaliza milele hoja zote juu yake. Thomas Jefferson na waasisi wenzake wa Marekani, alisema, waliamini utumwa ni kosa na utakufa wenyewe, walikosea. Serikali yetu mpya, akaendelea, imejengwa juu ya wazo lililo kinyume kabisa, jiwe lake la pembeni limekaa juu ya ukweli mkuu kwamba mtu mweusi si sawa na mtu mweupe.

Baada ya vita Stephens huyo huyo aliandika majuzuu mawili akieleza kwamba ugomvi ulikuwa juu ya aina ya serikali. Namwamini Stephens wa Savannah. Alikuwa anasema mbele ya watu wake, kwa furaha, katiba ikiwa bado na harufu ya wino.

Serikali ya majimbo vitani

Haikupita miaka mingi kabla ya haki za majimbo kupimwa kweli. Tarehe 16 Aprili 1862 Bunge la Shirikisho lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wanaume weupe wa miaka 18 hadi 35 kuingia jeshini. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika historia ya Amerika. Kaskazini ilifuata Machi 1863. Gavana Joseph Brown wa Georgia alipiga kelele kwamba hii ni kinyume cha yote waliyopigania, akaandikiana barua kali na Davis. Mahakama ya Juu ya kuamua ugomvi huo haikuwepo: katiba iliitaja, lakini Bunge halikuiunda hadi mwisho. Kwa hiyo zikaamua mahakama za majimbo, na nyingi zikasema serikali kuu ina haki. Ukafuata mwaka 1863 ushuru wa kuchukua sehemu ya kumi ya mazao ya mkulima. Serikali iliyoanza kwa "kila jimbo na mamlaka yake" ilimaliza ikiingia ghalani kwa mtu kupima mahindi. Sheria ya jeshi, ilipofanyiwa marekebisho Oktoba 1862, iliwaachia nyumbani wasimamizi wa mashamba yenye watumwa 20 au zaidi.

Jefferson Davis alianza muhula wake wa miaka sita Richmond, Virginia, tarehe 22 Februari 1862. Alikamatwa Georgia tarehe 10 Mei 1865, Kusini ikiwa imeshindwa. Nakala ya katiba ya kudumu yenye saini za wajumbe, iliyoandikwa kwenye ngozi, imehifadhiwa leo na Chuo Kikuu cha Georgia mjini Athens.

Katiba mama nayo ilibadilika. Bunge la Marekani lilipitisha Marekebisho ya 13 tarehe 31 Januari 1865, na kwa hayo neno utumwa likaingia katika maandishi yake kwa mara ya kwanza: hautakuwepo utumwa wala utumishi wa kulazimishwa, isipokuwa kama adhabu ya kosa. Yalihitaji majimbo 27 kati ya 36. Carolina Kusini, ya kwanza kujitoa, iliridhia mwezi Novemba. Alabama, ya kwanza kuiridhia katiba ya Montgomery, iliridhia tarehe 2 Desemba. Tarehe 6 Desemba 1865 ikaridhia ya 27, na hesabu ikatimia. Ilikuwa Georgia.